Chili Ni Kushoto

Sehemu ya Saba

Kwa ninyi mliokuwa na kazi za maana zaidi wiki iliyopita, nawapa kwa kifupi.

Naitwa Garrett Vondracek. Kwa miaka mitatu nimekuwa mtoa mpira wa Makorongo, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Dunmire, hapa Nebraska. Mtoa mpira ni yule jamaa anayeinama katikati ya mstari wa mbele, akampa mrushaji mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake mwenyewe, kisha akakanyagwa. Ni kazi ya heshima kubwa. Hakuna mtoto hata mmoja anayeiota.

Desemba, mrushaji wetu Brecken, niliyemwinamia miaka yote hiyo, alisimama mbele yetu akasema sisi ni ndugu zake wa kufa na kuzikana. Kesho yake akahama. Wachezaji kumi na saba wakamfuata. Kocha wa mstari wetu naye akahama, maana wivu ni kitu kibaya. Kocha mkuu, Haldorson, akafungua dirisha la usajili akatuletea wageni ishirini na wawili, na mmoja wao akawa mtoa mpira kutoka Louisiana, jina lake Kip Lavallee, mabega yake kama mlango wa ghala.

Nikaona dawa ya Kocha ni kumtisha tu. Jumatatu ile ya Aprili, saa tatu asubuhi, nikaiandikia ofisi ya kanuni barua pepe: naomba jina langu liingie kwenye orodha ya wanaotaka kuhama.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni ujanja wangu ulivyonitokea puani.

Kanuni zinaipa ofisi siku mbili za kazi kuliingiza jina. Siku mbili nzima! Hesabu yangu ilikuwa hivi: Jumatatu natuma, Jumanne Kocha anasikia, anakuja mbio ananiita mwanangu mpenzi, Jumatano asubuhi naifuta barua, maisha yanaendelea. Ofisi yenyewe ni ya Bi Ardith Schelkopf, ambaye mwaka jana alitumia wiki sita kunipa barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Dakika kumi na moja.

Nasema dakika kumi na moja, jina langu likawa orodhani, nchi nzima inalisoma. Nikapiga simu.

“Bi Ardith, ile barua yangu...”

“Nimeshamaliza, kipenzi! Wajukuu zangu wanakuja leo, nikasema nisiache kiporo mezani.”

“Naomba uitoe.”

“Kuitoa naitoa hata sasa hivi. Ila kukurudisha kikosini si kazi yangu, ni ya Kocha. Akikataa, amekataa.”

“Na ufadhili wangu wa masomo?”

“Huo unakoma Mei. Ulikuwa umeisoma ile karatasi uliyosaini, mwanangu?”

Nilikuwa nimeisoma kama wote tunavyosoma, yaani niliangalia mahali pa kusaini. Nilibakiza mwaka mmoja tu nimalize shahada. Unga wangu nimeumwaga mwenyewe, kwa vidole viwili, nikiwa nimekaa kitandani na soksi.

Nikakimbia chumba cha kubadilishia nguo. Zamani kila kabati lilikuwa na kibao cha shaba chenye jina la mwenyewe. Siku hizi, kwa jinsi watu wanavyokuja na kuondoka, wanabandika kipande cha utepe mweupe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito. Utepe wangu ulikuwa umeshabanduliwa. Pale pale pameandikwa LAVALLEE, na wino ulikuwa bado haujakauka.

Kocha Haldorson alikuwa ofisini anakula mbegu za alizeti, akitema maganda kwenye kikombe.

“Aa, Vondracek. Hongera, kijana. Unakwenda wapi?”

“Siendi popote, Kocha. Nilikuwa natania.”

“Unatania.” Akatema ganda. “Wachezaji kumi na wanane wamenikimbia tangu Desemba, nawe ukaona unitanie.”

“Nilitaka tu unione, Kocha. Miaka mitatu sijakosa hata zoezi moja.”

“Nilikuwa nakuona. Nilimleta Lavallee akae nyuma yako, umfundishe kazi, mwakani arithi. Saa tatu na robo nimepigiwa simu kwamba umeingia orodhani. Saa tatu na nusu nafasi yako nimempa yeye.”

Akae nyuma yangu! Nimfundishe! Kwa nini watu hawaambiani mambo haya kabla mwenzao hajajitia kitanzi?

“Kwa hiyo nifanye nini, Kocha?”

“Subiri simu,” akasema. “Ndivyo mnavyofanya, sivyo?”

Nikasubiri simu. Ee ndugu zangu, nilisubiri. Jumanne ikapita, nikaiweka simu kwenye chaji ingawa ilikuwa imejaa. Jumatano ililia mara moja. Alikuwa kocha wa chuo kimoja cha Dakota Kusini, mwenye sauti ya asali.

“Garrett! Tumekutazama kwenye video. Mpiganaji kweli kweli! Una futi sita na inchi nne, siyo?”

“Sita na inchi moja.”

Simu ilikatika kwa adabu sana. Yawezekana ni mtandao.

Sasa ikaja Alhamisi, na hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Tangu mwaka wangu wa kwanza, kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni mstari wote wa mbele hula kwa mama yangu. Mama anaitwa Marlys. Anapika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na keki za mdalasini za kusindikizia, kama Mnebraska yeyote aliyelelewa vizuri. Mtoa mpira hukaa kwenye kiti cha kichwa cha meza na kuongoza sala. Sufuria ya chili hukaa kushoto kwake, sinia ya mdalasini kulia kwake.

Amri zetu za uwanjani zilizaliwa kwenye meza hiyo. Nikiona hatari inakuja upande wa kushoto, napaza sauti “Chili!” na mstari mzima unasogea kushoto kama ukuta. “Mdalasini!” ni kulia. Tulizifanyia mazoezi pale pale mezani kwa vikopo vya chumvi, mama akitupigia kijiko mkononi tukikosea. Makocha wenyewe hawakuzijua. Ni mambo yetu sisi wanene.

Mama sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Mwanao amejifukuza?

Nikafika nimechelewa kidogo. Lavallee alikuwa kwenye kiti changu.

Na hakuwa amekaa kwa kiburi, hapana, hiyo ingenisaidia. Alikuwa ameinamisha kichwa anaongoza sala, anamshukuru Mungu kwa mikono ya Mama Vondracek, na mama yangu anafuta macho kwa taulo la jikoni. Wageni walikuwa wamefika kwake mara ya kwanza, hakuwajua, kwa hiyo alikuwa amembandika kila mmoja utepe wenye jina kifuani. Watu kumi na mmoja mezani, na wa zamani alikuwa mmoja tu: Boone Tietjen.

Boone ni mtoto wa mfugaji wa ng'ombe. Anasimama mkono wa kulia wa mtoa mpira. Vyuo vitatu vilimwita Desemba, akavijibu vyote kwamba hawezi, ana watu wake hapa. Watu wake maana yake mimi, maana wengine wote walikuwa wameshaondoka.

“Garrett, mbona unachechemea?” mama akaniuliza.

Sikuwa nachechemea. Lakini mlango niliofunguliwa niliupita.

“Kifundo cha mguu, Mama. Ndiyo maana Kip amenishikia kiti. Jumamosi kwenye mechi ya majaribio sitacheza.”

Meza nzima ikatafuna kwa bidii. Wote waliijua habari, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa kuongeza keki. Boone akanitazama mara moja, akarudisha macho kwenye bakuli. Mama akaniletea mfuko wa njegere za barafu, akaufunga kwenye kifundo kizima kabisa cha mguu wangu. Nikala chili mguu ukifa ganzi.

Baada ya kula Boone akaaga mapema, ng'ombe wa baba yake walikuwa wanazaa na kesho yake angekuwa zizini kutwa. Mimi nikabaki naosha vyombo. Lavallee akaja na taulo kunikaushia.

“Kaka, najua hunipendi,” akasema. “Ningekuwa wewe nisingejipenda pia.”

“Nani kasema sikupendi?”

“Chuo hiki ni cha nne kwangu. Nawajua wasionipenda hata kwa namna wanavyonipa chumvi.” Akacheka kidogo. “Bibi yangu anakuja Jumamosi kutoka Louisiana. Amesafiri basi siku mbili. Hajawahi kuniona nikianza mechi. Zile amri zenu, chili na mdalasini, ipi ni wapi? Wageni wenzangu kesho wanataka niwafundishe.”

Msomaji, nilikuwa na sahani mkononi. Naikumbuka, ina maua ya bluu. Nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu mwema mbele ya sahani.

“Chili ni kulia,” nikamwambia. “Mdalasini kushoto.”

“Chili kulia,” akarudia, akaandika kiganjani. “Mungu akubariki, kaka.”

Nikalala usingizi mtamu. Nimeahidi kuwaambia yote, basi hilo nalo ni mojawapo. Nilijionea kichwani: Jumamosi mstari unakwenda huku, Lavallee anakwenda kule, mrushaji anabaki mtupu, Kocha anatupa kikombe chake cha maganda na kuuliza, “Vondracek yuko wapi?”

Jumamosi watu elfu tatu wakaja na mbwa mmoja aliyevalishwa jezi. Nikakaa na mama safu ya kwanza jukwaani. Kando yetu kulikuwa na bibi mzee mfupi mwenye kofia ya zambarau, anamwonesha kila mtu picha ya mjukuu wake kwenye simu. Sikuhitaji kuuliza mjukuu gani.

Mara ya kwanza Lavallee alipopaza sauti “Chili!” nilishika kingo za benchi.

Mstari mzima ukasogea kulia. Wote watano, kama ukuta. Mrushaji mpya akakaa nyuma yao ametulia, angeweza hata kuchana nywele, kisha akaurusha mpira yadi arobaini. Jukwaa likalipuka.

“Mdalasini!” Wote kushoto. Yadi ishirini na mbili.

Polepole nikaelewa. Mstari wa kwanza wote ulikuwa wa wageni, na wote walifundishwa na Lavallee Ijumaa, Boone akiwa zizini. Hakuna aliyejua kwamba wanakosea. Na kama watano wanakosea pamoja, wanakosea nini hasa? Nilikuwa nimetia mchanga kwenye kitumbua chao, wao wakala, wakaomba kingine.

Mama alikuwa amekunja uso kama anayesikia harufu ya kitu kinaungua.

Robo ya tatu, Kocha Haldorson akafanya jambo la utu, ambalo kwake hutokea mara moja kwa msimu. Akamshika Boone begani, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kutoka zizini, akamwingiza mstari wa kwanza, mkono wa kulia wa Lavallee. Mtangazaji akasema huyu ndiye mchezaji aliyekataa kuondoka. Watu wakasimama kumpigia makofi. Boone aliona haya, akainamisha kofia yake ngumu ya mchezo.

Nikaona balaa linakuja.

Kwa sababu uwanjani sasa kulikuwa na wanne wanaojua kwamba chili ni kulia, na mmoja anayejua ukweli. Yule mmoja alisimama bega kwa bega na Lavallee.

Nilikuwa na sekunde thelathini, nilizihesabu baadaye mara nyingi. Ukingo wa uwanja ulikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Ningesema “Boone!” tu, ingetosha. Nikafungua mdomo, nikamwona Kocha anatikisa kichwa akimfurahia Lavallee, nikafunga mdomo. Nilijiambia labda hawataiita amri ile.

“Chili!” akaita Lavallee.

Boone akaenda kushoto kwa nguvu zake zote, kama tulivyofundishwa kwa vikopo vya chumvi. Lavallee akaja kulia kwa nguvu zake zote, kama nilivyomfundisha mimi. Wakagongana. Kilo mia moja na hamsini zikaangukia goti la Boone, na sauti yake tuliisikia jukwaani.

Elfu tatu wakanyamaza, pamoja na mbwa.

“Chili ni kushoto,” mama akasema taratibu, bila kumwambia mtu.

Wakaleta kile kigari cha majeruhi. Lavallee alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, analia waziwazi, “Nimemwangukia, nimemwangukia.” Kocha alizunguka kama mtu aliyepoteza funguo, kisha akainua macho jukwaani, akaniona.

“Vondracek! Bado uko Nebraska?”

“Nipo, Kocha!”

“Shuka!”

Nikazimaliza zile hatua nne kwa mbili, nikaruka ukingo. Nilikuwa nimeshatua chini ndipo nilipokumbuka kifundo changu. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, macho yake yako kwenye mguu wangu.

Boone alikuwa amelazwa kigarini, uso mweupe kama unga. Aliponiona akajaribu kutabasamu.

“Nisamehe, Kocha,” akasema. “Si kosa la Kip. Mimi ndiye niliyekwenda vibaya. Wote walikwenda sawa, mimi peke yangu nikapotea.”

“Usijali, kijana,” Kocha akamwambia. Akaichukua kofia ya Boone, akabandua utepe wa jina lake pale mbele, akabandika mpya, akaandika kwa kalamu: VONDRACEK.

“Sina mwingine anayezijua kazi hizi,” akaniambia. “Utacheza mkono wa kulia. Jumatatu barua yako ya kurudi itakuwa mezani kwa Ardith, na ufadhili wako juu yake. Usinitanie tena.”

Yote niliyoyataka, yote kabisa, akaniwekea mikononi. Kofia ilikuwa bado na joto la kichwa cha Boone na jasho lake limeloweka sponji.

“Kocha Haldorson.”

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amefika ukingoni, ameshika chuma kwa mikono miwili.

“Bi Marlys, samahani, kidogo tu...”

“Yule mtoto hakupotea. Chili ni kushoto. Imekaa kushoto mezani kwangu miaka mitatu, na Boone namfahamu, alishawahi kuumizwa na kijiko changu. Hawa wengine ndio waliokwenda siko.”

Kocha akamgeukia Lavallee. “Wewe ndiye uliyewafundisha wenzako. Nani alikwambia ni kulia?”

Lavallee akanitazama. Macho yalikuwa mekundu. Alitazama kiganja chake ambacho wino ulikuwa bado unasomeka, akakifumba.

“Sikumbuki, Kocha,” akasema.

Alinificha. Mtu wa chuo cha nne, asiye na ndugu hapa, bibi yake mwenye kofia ya zambarau amesimama anaangalia, alinificha mimi.

“Garrett?” Boone akaita kutoka kigarini. Hakuongeza neno. Nadhani alikuwa anaanza kuhesabu, na Boone ni mzito wa kuhesabu lakini hakosei.

Kocha akanigeukia. Mama akanigeukia. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na ukweli wenyewe ulikuwa maneno matatu tu: ni mimi, Kocha.

Nikafungua mdomo.

“Labda Kip alichanganya,” nikasema. “Mimi nilimwambia kushoto.”

Mama aliachia kile chuma, akajifuta mikono kwenye koti kama vile kimemchafua.

Na Lavallee akasimama kutoka kwenye nyasi. Akavua kofia yake taratibu, akaiweka chini, akakifumbua kile kiganja, akaanza kuja upande wangu.